Mrututu Ulikuwa wa Samaki

Baba Paroko, Mchungaji, wazee wa ukoo wa Mapunda, wakwe zetu mliosafiri kutoka Tukuyu, viongozi wa mtaa, majirani wa Ruhuwiko, watumishi wenzake marehemu, ndugu zetu Wakristo na Waislamu, wakubwa shikamooni, na wote kwa jumla poleni kwa baridi hii na poleni kwa msiba. Kwa niaba ya familia, historia hii inasomwa na Fortunata, mdogo wake marehemu wa baba mmoja na mama mmoja, na wanaomjua Fortunata wanajua kwamba hakujaliwa sauti ndogo, kwa hiyo walioko hadi kule kwenye turubai la mwisho watasikia bila kipaza sauti.

Kabla ya kuanza, familia inataka jambo moja lisemwe wazi, kwa sababu limeshasemwa chini chini kiasi cha kutosha. Tangu Jumanne, jikoni kwa akina mama na kwenye moto wa akina baba, limekuwa likizunguka neno kwamba mjane wa marehemu, Tumpe, alimpa mumewe sumu, na jana katika kikao cha ukoo kaka yetu mkubwa, Mzee Sixbert, alilitoa neno hilo bila kulizungusha, akasema mwanamke huyo asitupe udongo kaburini, na funguo za nyumba hii akazichukua yeye. Kikao kiligawanyika, wapo waliokubali na wapo waliokataa, mwishowe kikasema historia isomwe kwanza mbele ya watu wote, ukoo usikie, kisha neno litolewe hapa hapa kabla jeneza halijanyanyuliwa. Kwa hiyo anayesimama mbele yenu anasoma historia ya mtu mmoja, lakini aliye hai aliyeketi pale kwenye mkeka, amefunikwa kitenge mpaka kwenye macho, naye anasubiri hukumu yake humu humu.

Marehemu Osmund Marcelino Mapunda alizaliwa tarehe 19 Oktoba 1962 katika kijiji kilicho sasa ndani ya wilaya ya Namtumbo, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Marcelino Mapunda, mkulima wa tumbaku na mahindi, na Mama Kunegunda, wote wawili wametangulia mbele ya haki. Alilelewa kati ya shamba na bani la kukaushia tumbaku, lakini mapenzi yake hayakuwa kwenye tumbaku, yalikuwa mtoni, na alichapwa zaidi ya mara moja kwa kufuga perege ndani ya sufuria ambayo Mama aliiweka kwa ajili ya wageni.

Alisoma shule ya msingi kijijini kuanzia mwaka 1971 hadi 1977, kisha elimu ya sekondari hapa Songea kuanzia mwaka 1978 hadi 1981, na baada ya kulima kidogo na baba yake alichaguliwa kwenda chuo cha uvuvi kule Bagamoyo, ambako alihitimu mwaka 1986, ingawa Mzee Marcelino hadi anaingia kaburini hakuelewa ni vipi serikali inaweza kumsomesha mtu kuvua samaki, kazi ambayo kwa maoni yake ilihitaji ndoano na uvivu tu.

Tarehe 1 Julai 1987 aliajiriwa akapangiwa Mtwara, na huko ndiko alikopata rafiki yake wa maisha, Bwana Abdulatifu, mtumishi mwenzake, ambaye yuko nasi hapa baada ya kukesha njiani kwenye basi. Huko pia, akipita kwenye matumbawe maji yakiwa yametulia, aliwaona wale samaki wadogo wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, wanaoishi wawili wawili ndani ya kiumbe cha baharini chenye umbo la ua, kiumbe ambacho humchoma kila samaki anayekisogelea lakini hao huwaacha walale katikati yake, na tangu siku hiyo aliporudi likizo hakuwa na hadithi nyingine. Tarehe 12 Januari 1998 alihamishiwa Songea, akawahudumia wafugaji wa samaki wa mabwawa kuanzia Matogoro hadi vijiji vya mbali, wengi wao nawaona hapa, hadi alipostaafu kwa heshima tarehe 19 Oktoba 2022.

Alifunga ndoa tarehe 8 Septemba 2001 na Tumpe Saimon Mwakalinga, mwenye duka la pembejeo za kilimo hapa mjini, aliyemfahamu alipokwenda dukani kwake kutafuta chokaa ya kutibu mabwawa, akarudi tena kuulizia chokaa, na tena, mpaka mabwawa yote ya wilaya yakawa meupe. Ukoo ulinung'unika, tusidanganyane, wakasema kwa nini Mnyakyusa, kwa nini Mmoravia, kwa nini mwanamke anayeuza sumu za wadudu, na marehemu akawajibu kwamba yeye anaoa mtu, haoi duka. Kila mmoja akabaki na kanisa lake, Jumapili wakitoka pamoja na kuachana njia panda, na Mungu akawajalia watoto wawili, Lightness aliyezaliwa tarehe 3 Mei 2003, na Daudi aliyezaliwa tarehe 22 Novemba 2007.

Mwaka 2020 marehemu alijenga sebuleni kwake tanki la kioo lenye urefu wa kitanda cha mtoto, akaliwekea mawe ya baharini, pampu ya hewa, taa na kifaa cha kupasha maji joto, kisha Abdulatifu akamtumia kwa basi, kupitia Masasi na Tunduru, samaki wake wawili wa rangi ya chungwa ndani ya mifuko iliyojazwa hewa, pamoja na ua lao. Maji ya bomba hayakuwafaa, wala chumvi ya dukani haikufaa, kwa hiyo kila mara madumu ya maji ya bahari yalishushwa stendi yakapandishwa bodaboda hadi Ruhuwiko, na hapo ndipo mtaa ulipopata kazi, kwa kuwa mtu wa bara akimwona mwenzake anapokea maji ya bahari hafikirii samaki hata kidogo, anafikiria majini na uchawi. Marehemu alicheka, akafungua pazia ili kila apitaye aone, na watoto wa jirani walijazana dirishani, lakini wakubwa walipita upande wa pili wa barabara.

Kuhusu maradhi, familia inasema ukweli. Mwaka 2014 marehemu aligundulika kuwa na shinikizo la damu, akapewa vidonge vya kumeza maisha yake yote, akavimeza alipokumbuka, akaviacha alipojisikia vizuri, na mkewe alipomfuata na glasi ya maji alimwambia asimfanye mgonjwa. Mwezi Februari mwaka jana daktari alimweleza kwamba figo zake zimechoka sana, akatoka pale akamkataza Tumpe asimwambie mtu yeyote wa kwao, hasa Kaka Sixbert, kwa maana hakutaka kuhurumiwa, na Tumpe akatii, akabeba siri hiyo peke yake mwaka mzima na zaidi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na safari hii kifo kilimuumbua aliyeficha, kikataka kumuumbua na aliyeombwa kuficha.

Mwezi Mei mwaka huu mambo yote yalifika kwa pamoja. Abdulatifu alituma samaki wa tatu, na marehemu kwa furaha yake, mtu aliyewagombeza wafugaji maisha yake yote kwamba samaki mgeni hutengwa kwanza, alimwingiza mgeni huyo moja kwa moja kwenye tanki, kisha umeme ukasumbua, kifaa cha joto kikazimika, na baridi ya Songea mnaijua wenyewe. Mgeni akafa, na wale wawili wakatokwa na madoa meupe mwili mzima kama walionyunyiziwa chumvi, wakawa wanajikuna kwenye mawe, wanahema haraka haraka juu ya maji, chakula hawataki. Tarehe 28 Mei, kabla hajapata nafasi ya kuwatibu, marehemu mwenyewe alianguka bafuni, akapelekwa hospitali akalazwa, na miguu yake ikavimba mpaka viatu vikakataa kuingia.

Sasa tumfuate Tumpe, kwa sababu yeye ndiye aliyeshitakiwa. Mtu huyu alikuwa na wagonjwa sehemu mbili, mmoja wodini na wengine sebuleni, na yule wa wodini kila alipopata pumzi hakuulizia figo zake, aliulizia samaki. Alimwelekeza kwa taabu, akipumzika kila baada ya maneno machache, kwamba achukue mrututu kidogo sana, zile chembe za buluu za shaba ambazo wakulima mliopo hapa mnazijua kwa kunyunyizia mimea, kwa kuwa shaba huua wadudu wa ugonjwa ule, lakini kwanza awatoe samaki kwenye tanki awaweke katika beseni la maji ya bahari, dawa iingie kwenye beseni, kamwe isiguse tanki. Tumpe alisikia kila neno na alielewa kila neno. Alipofika nyumbani samaki walikuwa wamejichimbia ndani kabisa ya ua lao, aliogopa kuwafukuza na wavu wakiwa wagonjwa vile, na miaka yote aliyouza dawa ilimwambia kitu kingine, kwamba shamba hunyunyiziwa lote, hakuna mkulima anayeng'oa mche mgonjwa akauogeshe pembeni. Akapima mrututu kwa kizibo cha soda, kama alivyowafundisha wateja wake kupima, akaukoroga, akaumimina kwenye tanki zima.

Wakati anaukoroga, jikoni, chupa ya uji wa mgonjwa ikiwa wazi pembeni, Kaka Sixbert aliingia akitokea Namtumbo kuja kumwona mdogo wake. Tumpe alimwamkia, akamvutia kigoda, na Kaka akauliza kile cha buluu ni kitu gani. Tumpe akajibu, "Dawa, shemeji, nitakueleza nikirudi," akafunga chupa ya uji akakimbilia hospitali, saa ya kuona wagonjwa ikiwa inamponyoka. Hakurudi kueleza. Kila walipokutana tena palikuwa na daktari, au pana machozi, au pana watu, na jambo dogo lisiposemwa siku yake hukua mpaka likakosa mlango wa kutokea.

Kesho yake mchana aliporudi kutoka wodini alikuta ua la baharini limeporomoka, limekuwa utelezi mweupe unaonuka, na samaki wawili wamelala ubavu chini ya mawe wakivuta pumzi ya mwisho mwisho, kwa sababu shaba ile inayoua wadudu huua pia viumbe laini kama ua lile, na kwa samaki kipimo cha kizibo ni kikubwa mno, ni cha shambani. Aliwachota kwa kichujio cha chai, akawatia kwenye beseni la maji ya dumu la mwisho lililobaki, akawawekea pampu, akalizungushia beseni blanketi la kitandani kwake na chupa za maji ya moto, akapiga magoti hapo sakafuni akiwatazama matumbo yao kama yanapanda na kushuka. Walipoanza kuhema vizuri alimpigia simu Abdulatifu, naye ndiye aliyemwelekeza, siku baada ya siku, dawa kwa kipimo cha tone na maji mapya yaliyoletwa kwa basi. Ua lililokufa alilifukia uani penye migomba, jua likiwa utosini, mbele ya macho ya jirani anayefua, kwa maana lilikuwa linanuka na hakujua kwamba kufukia kitu uani ni ushahidi.

Basi mmeona jinsi kamba ilivyosukwa, maji ya bahari, kisha dawa ya buluu karibu na uji, kisha kitu kimefukiwa kwenye migomba, kisha mwanamke anakonda hali chakula, na lisemwalo lipo, wakasema watu. Alikuwa anakonda, ndiyo. Kila jioni marehemu alimuuliza, "Ua linafunguka?" na kila jioni yeye akajibu, "Linafunguka," kisha akatoka nje ya wodi akashika ukuta, kwa sababu katika ndoa yao hakuwahi kumdanganya hata kwa bei ya kitenge, na sasa alikuwa anamdanganya akiwa kitandani pa kufa, akiogopa kwamba akimwambia kweli ataondoka na uchungu, na akimficha ataondoka na uongo.

Jioni ya tarehe 16 Juni alishindwa kubeba. Msomaji wa historia hii alikuwepo, ameshika miguu ya marehemu anaikanda, akasikia Tumpe akieleza yote, kizibo, tanki, ua, migomba, bila kujitetea na bila kulia. Marehemu alimwashiria asogee karibu. Kisha akasema, "Mimi ndiye niliyeleta ugonjwa ndani, nilimwingiza mgeni bila kumtenga, na nilijua," akauliza kama wale wawili wanahema, akaambiwa wanahema, akashika mkono wa mkewe akauweka kifuani kwake. Alifariki dunia alfajiri ya Jumanne, tarehe 17 Juni 2025, figo zikiwa zimesimama na moyo umeshindwa kuendelea.

Familia sasa inajibu. Kuhusu kilichofukiwa, vijana wa Kaka Sixbert walichimba Jumatano, wakakuta utelezi na harufu, na Bwana Abdulatifu aliposhuka kwenye basi aliwaeleza ni kiumbe gani. Kuhusu kifo, daktari aliyemhudumia alikuja jana kwa hiari yake akawaeleza wazee, Kaka akiwepo, jinsi figo zilivyokuwa zikifa tangu zamani, na kwamba hakuona dalili ya sumu yoyote. Kuhusu uji, siku ile Kaka aliyoingia jikoni, marehemu alikunywa kikombe kimoja akashindwa kuendelea, na vikombe viwili vilivyobaki alivinywa msomaji wa historia hii, ambaye hapendi kuona chakula kinamwagwa, na mnamwona amesimama, ana afya, na bado ana sauti.

Lakini Kaka Sixbert jana hakushindwa na hayo. Alisimama akauliza swali moja, akasema, "Samaki wamepona, mtu amekufa, mikono iliyotibu ni ile ile, nani atanieleza hilo?" Wengine wakatikisa vichwa, na wapo waliokwishaanza kusema kwamba mwanamke alihamisha maradhi, akatoa mume akabakiza samaki. Kaka, swali lako ni la mtu mwenye uchungu, na ukoo umelala nalo, na jibu lake ni hili. Samaki waliugua mwezi Mei wakatibiwa mwezi Mei. Samaki hana uwezo wa kusema nitameza kesho, hana kiburi cha kuficha kidonge chini ya mto, hamkatazi mkewe asiwaambie ndugu zake kwamba ameanza kufa. Ndugu yetu tuliyempenda aliweza yote hayo, akayafanya kwa miaka zaidi ya kumi, na mikono hii unayoishitaki ndiyo iliyokuwa inamfuata na glasi ya maji. Inauma kumsema marehemu hivi mbele ya jeneza lake, lakini yeye hawezi tena kuumia, na aliye kwenye mkeka anaweza.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, kaka mmoja na dada mmoja, wafugaji wengi wenye mabwawa yanayotoa samaki, na wale wawili wa rangi ya chungwa ambao bado wako kwenye beseni sebuleni, na anayetaka kuwaona aende, mlango hautafungwa.

Familia inatoa shukrani kwa madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole hata alipokuwa mkaidi, kwa majirani wa Ruhuwiko waliochota maji, waliopasua kuni na waliolala nasi chini, pamoja na wale waliosema, kwa maana hao nao walichota maji, kwa watumishi wenzake wa uvuvi waliobeba jeneza kutoka hospitali, kwa Bwana Abdulatifu, kwa Baba Paroko na Mchungaji waliokubali kusali pamoja, na kwa kila mmoja ambaye hatukuweza kumtaja. Na wewe Kaka Sixbert, tunakushukuru pia, kwa kuwa ulisema mbele ya watu, mwenye kusema mbele ya watu anaweza kujibiwa, tofauti na waliosema nyuma ya nyumba. Wewe ndiye mkubwa wetu. Funguo zimo mfukoni mwako na udongo wa kaburi uko Matogoro unasubiri, na kwa mila yetu mke ndiye anayetangulia kuutupa, na dada wa marehemu anasema kaburi la Osmund halitafunikwa kwa mkono mwingine wowote kabla ya mkono wa Tumpe, na atakayetaka kumzuia aanze na huyu anayesoma.

Limebaki moja, halikusemwa kikaoni kwa sababu halikuwa jibu la swali lolote. Jioni ile wodini, baada ya ua na baada ya samaki, marehemu alisema neno moja zaidi, nalo likawa la mwisho kusikika kinywani mwake. Alimtazama mkewe usoni, akaona jinsi alivyoisha, akamuuliza, "Tumpe, umekula?" na Tumpe akasema atakula akifika nyumbani. Hajala mpaka saa hii. Mama zetu wa jikoni, mleteeni uji hapa hapa kwenye mkeka, ukoo wote ukiona, na Kaka Sixbert ndiye atakayempa kikombe. Tutangoja, jeneza halina haraka.

Osmund, mtoto wa mama yetu, mkeo atakula. Pumzika kwa amani.